Pete Mbili Ndani ya Mashine ya Kufulia

Jumamosi kwetu ni siku ya kufua. Mama hukaanga chapati za viazi. Mimi hushughulika na nguo. Mdogo wangu Matthis hujifanya ana kazi nyingi bandani, penye pikipiki yake.

Jumamosi moja ya Aprili, mashine ya kufulia ilianza kugonga. Kong! Kong! Kong! Niliizima, nikaingiza mkono kwenye nguo zilizolowa. Mfukoni mwa suruali ya Matthis nilikuta pete mbili za chuma, nene, zingetosha kuvaliwa na tembo. Nikazipeleka jikoni na suruali yenyewe, nikaziweka mezani kando ya bakuli la rojo la tufaha, mbele ya Matthis aliyekuwa ameshaingia kula.

"Makubwa!" Mama akasema. "Pete mbili! Matthis, harusi lini? Na huyo bibi harusi ana vidole vya namna gani?"

Matthis hakucheka. Akanyoosha mkono azichukue, lakini Bwana Lenzen alimwahi.

Bwana Lenzen ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Anafundisha watu kuendesha magari na pikipiki, na kila Jumamosi harufu ya viazi humleta kwetu. Ndiye aliyemfundisha Matthis. Leseni ya Matthis ilikuwa na mwezi mmoja tu.

"Hizi zinatakiwa kuwa ndani ya pikipiki yako," Bwana Lenzen alisema taratibu.

"Nimezitoa kidogo tu."

"Kutoa kidogo ndiyo vipi? Zimo au hazimo?"

"Hazimo."

Mama akaacha kukaanga. "Jamani, na mimi nielezeni."

"Bi Gudrun, pikipiki ya kijana wako ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi tisini. Leseni aliyo nayo inamruhusu farasi arobaini na nane, basi. Pete hizi hufungwa pale hewa inapoingilia kwenye injini. Njia ikibanwa, hewa hupungua, petroli nayo hupungua, na nguvu inashuka. Fundi anazifunga, mkaguzi anazithibitisha, inaandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Akishakaa na leseni hiyo miaka miwili, anafanya mtihani mwingine barabarani. Akifaulu, pete zinatolewa kwa halali na kadi inabadilishwa."

"Bonde zima wanazitoa!" Matthis alisema. "Zinafungwa kwa ajili ya mkaguzi, jioni zinahamia kwenye droo. Rafiki yangu Jupp hata hajui za kwake ziko wapi. Pikipiki ikiwa nazo, ule mlima wa kinu cha kusagia nafaka inaupanda inahema kama bibi kizee."

"Na bibi kizee anafika juu mzima," Mama akamjibu.

Mimi nilikuwa bado nimeshika ile suruali. Goti lilikuwa na doa la majani ambalo sabuni haikuliweza. Chini ya doa palikuwa pamechanika. Mchaniko ule naujua. Nani kijijini kwetu hajawahi kuchanwa na waya wa miba wa uzio wa malisho?

"Matthis," nikamwita. "Ulisema ulianguka mpirani. Uwanja wenu siku hizi una waya wa miba?"

Akawa mwekundu hadi masikioni.

"Kwenye kona ya kinu," alisema. "Nilivuta mafuta kidogo tu, dada Otti. Kidogo tu! Nikashtukia kona imeshafika. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye malisho."

Mama akakaa kitini, mwiko mkononi.

Bwana Lenzen hakumgombeza. "Hukuwa mzembe," alisema. "Mkono wako una mwezi mmoja. Haujajua kukadiria kasi inayokuja upesi hivyo. Ndiyo sababu tunaanza na nguvu ndogo. Halafu ujue na hili: bila pete hizi unaendesha pikipiki ambayo leseni yako haiiruhusu. Kisheria ni sawa na kutokuwa na leseni. Ukimgonga mtu, bima inaweza kukugeukia wewe ulipe. Na wakikunyang'anya leseni, ile gari ya kazi unayoendesha kwa yule fundi wa mapaa aliyekuajiri, utaiendesha na leseni ipi?"

"Jumatatu nitazirudisha," Matthis akasema. "Lakini kesho ni misa ya pikipiki! Tunakwenda polepole tu nyuma ya padri. Na nimemwahidi dada nitampakia."

"Hata nyuma ya padri huruhusiwi," alisema Bwana Lenzen.

Kweli aliniahidi. Nilikuwa nimeshaazima kofia ngumu ya pikipiki. Kila mwaka misa ile hutaja majina ya waliokufa barabarani, kisha padri hunyunyizia pikipiki maji ya baraka. Usiku ule nilifikiria yale majina. Nikainuka, nikachukua ufunguo kwenye msumari wake.

Asubuhi wenzake walikuja kumpitia, injini zinanguruma getini.

"Ufunguo uko wapi?" Matthis aliniuliza.

"Ninao. Na sikupi."

"Otti, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Matthis!" Jupp alipaza sauti. "Dada yako amekunyima ruhusa? Panda baiskeli, tutakusubiri!"

Wote wakacheka, wakaondoka. Matthis alibaki uani na kofia yake mkononi, macho yamemjaa machozi. Nilimhurumia mno. Nusura niutoe ufunguo. Sikuutoa.

Jumatatu Bwana Lenzen aliipakia pikipiki kwenye tela lake, wakaipeleka kwa fundi. Pete zikarudi mahali pake. Jioni nyingi baada ya hapo Bwana Lenzen alimfundisha Matthis ile kona ya kinu: punguza mwendo kabla ya kona, tazama mbali, halafu vuta mafuta taratibu.

Vuli ilipofika, Matthis alirudi nyumbani siku moja, akakaa mezani bila kuvua koti. Kulikuwa na ukungu, na ng'ombe watatu walikuwa wamelala barabarani, kwenye kona ile ile.

"Nilisimama," alituambia. "Karibu nao kabisa, lakini nilisimama. Mmoja akanitazama tu, anatafuna."

Mama alimmiminia kahawa, akamshika bega, asimwachie.

Miaka miwili ilipotimia, Matthis alifanya mtihani wa pili na kufaulu. Fundi alizitoa zile pete, na kadi ikabadilishwa. Jumamosi ile tulikuwa mezani, na Bwana Lenzen, na chapati za viazi.

"Mwaka huu tunakwenda wote kwenye misa, dada Otti," Matthis alisema. "Nitakupakia. Lakini kwanza uniombe radhi kwa ile Jumapili. Ulinitia aibu mbele ya wenzangu wote."

Mama na Bwana Lenzen wakanitazama.

"Nilikutia aibu, ndiyo," nikamjibu. "Na radhi sikuombi. Nisogezee rojo la tufaha."