Laptopu ya Fundi na Siri ya Mwalimu

Wifi yangu ni fundi cherehani. Mimi napiga pasi nguo anazoshona, na kusema kweli, napiga na domo pia. Chumba chetu kina cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu nyuma ya pazia.

Vipimo vya wateja wifi haandiki kwenye daftari. Anaviweka kwenye laptopu yenye stika ya mkasi juu yake, pamoja na picha. Mteja anapigwa picha mbele, nyuma na ubavuni, ili nguo imkae sawasawa.

Mteja wetu mmoja ni mwalimu wa hesabu. Mwaka juzi aliugua, akakatwa titi moja. Akajifungia ndani, hataki kuonana na mtu. Wifi alimfuata, akampima, akampiga picha, akamshonea blauzi zenye sponji upande mmoja. Mwalimu alivaa, akajitazama, akalia. Wiki iliyofuata alirudi kufundisha.

"Fundi," alisema, "picha hizi ni mimi na wewe tu." Hata mimi nilikuwa natoka nje akija kupimwa, na mnajua ninavyopenda kujua mambo.

Basi laptopu ikazeeka. Wifi akapata nyingine, akakubaliana na kinyozi wa jirani amuuzie ile ya zamani. Kinyozi alitaka kupigia muziki kibandani kwake. Kibanda hicho hakikosi watu, na watu hao hawakosi maneno.

Wifi alihamishia vipimo na picha kwenye laptopu mpya, kisha akafuta faili moja moja kwenye ya zamani, siku mbili nzima. Halafu akamwaga pipa la taka la kompyuta.

"Safi kabisa! Haujabaki hata uzi mmoja," alijisifu.

Asubuhi ya kuiuza alikuja Bisibisi kuchukua suruali yake. Huyu dada ni jirani yetu, fundi wa kompyuta. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu bisibisi haimtoki mfukoni.

"Hiyo inakwenda wapi?" aliuliza, akiitazama laptopu.

"Kwa kinyozi. Nimeshafuta kila kitu."

"Umefutaje?"

Wifi akaeleza. Bisibisi hakucheka. Alichomeka flashi yake, akafungua programu ya kutafuta faili zilizofutwa. Hata dakika kumi hazijaisha, picha zikaanza kurudi. Sare za shule. Gauni la harusi. Kisha likatokea bega la mtu, na nyuma yake pazia letu.

Bisibisi alivuta kitambaa mezani, akafunika skrini upesi. "Huyu si wa kutazamwa na mimi," alisema, akageuza uso. "Angalia mwenyewe, dada."

Heshima iliyoje! Nilimpenda pale pale.

Wifi alichungulia. Akakaa juu ya vitambaa. "Mungu wangu, Mwalimu! Angeonekana kwa kinyozi! Asingetoka tena nje yule mama. Na ni mimi ningemwaibisha!"

"Tulia. Bado haijatoka mlangoni," Bisibisi alisema. "Ukifuta faili, kompyuta inaondoa jina lake kwenye orodha tu. Picha yenyewe inabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake."

Wifi alifikiri kidogo. "Kumbe kama kufumua mshono! Uzi umetoka, lakini matundu ya sindano yanaonekana."

"Hapo hapo! Sasa tuyafunike matundu. Nikufanyie?"

"Hapana. Nifundishe. Mwalimu aliniamini mimi."

Kwanza wifi alihakikisha vipimo vinafunguka kwenye laptopu mpya, akaifunga kwa nywila. Kisha akatoka kwenye akaunti zake zote katika ile ya zamani. Baada ya hapo aliiwasha kwa flashi yenye programu ya kufuta diski nzima.

"Hii inaandika sifuri kila mahali, mwanzo hadi mwisho wa diski," Bisibisi alieleza. "Itachukua saa nyingi. Usiizime. Lakini diski hii ni ya zamani, ile inayozunguka. Diski za kisasa zisizozunguka zina amri yake maalumu ya kufuta. Ukitaka kuiuza hiyo mpya, niite. Na diski ikifa, itoe, uiharibu kabisa."

Kinyozi akatokea. "Fundi, vipi? Nimeshawatangazia wateja muziki!"

"Leo waimbie mwenyewe," wifi alimjibu. "Njoo kesho."

Kesho yake wifi alitafuta picha tena kwa ile programu ya Bisibisi. Ikaandika: zilizopatikana, sifuri. Bisibisi akaiwekea mfumo mpya, ndipo kinyozi akaichukua.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kibandani kwa kinyozi, mimi na wifi. Mwalimu akaja kupunguza nywele. Alipoiona laptopu, na ile stika ya mkasi juu yake, alisimama mlangoni. Mkono ukaenda kifuani.

Wifi alimfuata, akamnong'oneza. Nilisogea nisikie, nisameheni.

"Ndiyo ile, Mwalimu. Nilikaribia kukuharibia, Bisibisi akanizuia. Nimeifuta upya diski yote kwa mkono wangu. Tukazitafuta picha zako, tukapata sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri kamili."

Mwalimu akaushusha mkono, akaingia, akakaa kwenye kiti mbele ya laptopu.

"Kinyozi," alisema, "ongeza sauti bwana, wimbo huu naupenda."