Maziwa Kwenye Bakuli la Mama

— Guanlin, hiyo nini mkononi?

Guanlin aligeuka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Mkono mmoja ulishika kijiko, wa pili kopo la maziwa ya unga. Mbele yake mashine ya aiskrimu ilikuwa inakoroga magimbi taratibu.

— Umewahi leo, mpenzi.

— Sijakuuliza habari za kuwahi. Nimeuliza, hiyo nini?

Duka lao dogo la barafu, kwenye kichochoro nyuma ya hekalu pale Tainan, lilijulikana kwa jambo moja: halikuingia yai wala tone la maziwa. Aiskrimu ilikuwa ya tui la nazi na soya. Vinywaji vilikuwa vya embe, pesheni na mapera. Peishan ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa ajili ya mama yake. Zamani, Peishan akiwa mtoto mahututi kwa homa, mama huyo, Bi Xiuqin, alipiga magoti mbele ya Guanyin, mungu wa huruma, akaweka nadhiri: mwanangu akipona, sitakula tena chochote kitokacho kwa mnyama. Mtoto akapona. Mama hakurudi nyuma hata siku moja.

— Ni ya bakuli la mama tu, Guanlin alisema, macho chini. — Ya wateja siigusi.

— Ya mama tu! Hivi unajisikia unavyosema?

— Tangu apasuliwe tumbo hali chochote, Peishan. Umeiona mikono yake? Aiskrimu yangu ndiyo kitu pekee anachomaliza. Nikasema angalau apate nguvu.

— Tangu lini?

— Tangu atoke hospitali.

Peishan alivua aproni akaitupa juu ya meza. Pete ya uchumba ikafuata, ikagonga bakuli, ikadondoka sakafuni.

— Harusi hakuna.

Aliwasha pikipiki akaondoka, lakini hakujua anakwenda wapi. Alipita sokoni, akazunguka mtoni, akarudi sokoni. Akimwambia mama, atamvunja moyo. Akinyamaza, na yeye keshakuwa mwenzake Guanlin kwenye uongo ule. Alipofika nyumbani, mama alikuwa barazani, shali mabegani kwenye joto lote lile.

— Mkwe wangu hajaniletea aiskrimu leo?

— Ana kazi nyingi, mama.

Aliketi, akasimama. Akafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

— Wewe una siafu? Tulia basi!

Simu ikatetema. Ujumbe wa Guanlin:

"Usimwambie, nakuomba. Naacha leo leo. Hatajua kamwe."

Akajibu: "Mimi nimejua. Njoo useme mwenyewe, au nitasema mimi."

Guanlin alikuja mikono mitupu, shati limelowa jasho. Hakukaa. Alipiga magoti palepale barazani akasema yote.

Bi Xiuqin alikaza shali mabegani.

— Maziwa ya ng'ombe? Kila siku?

— Kila siku, mama. Nisamehe.

— Na mimi nilikuwa nakusifia kwa majirani!

— Mama... Guanlin alianza.

— Toka mbele yangu.

Asubuhi yake mama alitaka kwenda hekaluni. Alichoma udi, akasali muda mrefu akiwa ameegemea bega la binti yake. Walipotoka, hakuelekea nyumbani. Alikata kona, akaingia dukani, akavuta kiti.

Guanlin akabaki ameshika kisu, ganda la embe likining'inia.

— Guanyin nimemwambia sikujua, alisema Bi Xiuqin. — Kwake nimemaliza. Kwako bado. Ungenijia ukasema, "Mama, unakonda, kunywa maziwa," ningekataa, tungegombana, yakaisha. Lakini wewe ukanifanya kama mtoto wa kudanganywa apewe dawa. Mwili huu wangu. Ahadi ile yangu.

— Nimekosa, mama. Niliogopa utatufia.

— Na mimi naogopa. Wewe ulidhani siogopi?

Guanlin alifuta macho kwa kiwiko. Mama akagonga meza.

— Acha kulia kwenye chakula cha watu. Nina njaa. Tengeneza hapa hapa, nikuone.

Akamtengenezea: magimbi, tui zito, siagi ya karanga, tofu laini ya soya. Kila alichoshika alikiinua kwanza akionyeshe. Bi Xiuqin akaonja, akakunja uso.

— Haijafikia ile nyingine.

Akachota tena. Na tena.

— Karanga ziongeze. Kesho nakuja.

Nje foleni ilikuwa imeanza, watu wakijipepea kwa kofia. Guanlin akamgeukia Peishan, pete kiganjani.

— Usinipe hiyo, Peishan alisema. — Mimi sijakusamehe.

— Najua.

— Na ukinificha kitu tena, hata kiwe kidogo namna gani, ukiniona njiani uvuke barabara.

— Nimesikia.

— Iweke mahali isipotee. Nitaiomba mwenyewe nikiwa tayari.

Akachukua aproni, akaifunga kiunoni.

— Haya, kata hilo embe. Watu wana kiu.