Kiberiti na Bakuli la Mama

Siku waliyokutana, farasi alimlia kofia.

Hakuila yote, ukingo tu. Lakini kofia pana ya ukili, yenye utepe wa buluu, ikishaliwa ukingo si kofia tena. Ni kifuniko cha chungu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko limefurika, mikokoteni inapigana vikumbo, vumbi la pumba limetanda hata paka wa pale wote ni wa rangi moja. Mwenye kofia alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake la vyakula vya mifugo akipima mashudu.

"Wee kaka! Mnyama wako ananila!"

"Samahani, dada. Hali watu. Anaonja tu."

Msemaji alivaa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu kama ametoka vitani, na ameshinda. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la farasi la kubebea maharusi, na kwa sababu ya koti hilo mtaa mzima ulimwita Kanali. Muuza duka naye aliitwa Mizani, kwa kuwa hakuwahi kumpunja mtu hata punje. Farasi alikuwa Kiberiti. Mwembamba, kichwa chekundu, na huwaka akiguswa.

Mizani alimzunguka. Mbavu zilihesabika hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

"Meno yamekaguliwa? Minyoo?"

"Vyote. Daktari anasema mzima. Anachokosa ni unene tu."

"Unamlisha nini?"

"Mahindi, mabakuli mawili asubuhi, mawili jioni. Na molasi juu."

"Akishakula?"

"Anapaa. Juzi kaogopa kivuli chake mwenyewe, tukakipita mbio."

Mizani alicheka mpaka mashudu yakamwagika. Tabasamu lake lilikuwa na mwanya, na Kanali, ambaye miaka saba amewapeleka wenzake harusini akiwa ameangalia mkia wa farasi, alihisi koti linambana kifuani.

"Sikiliza, Kanali. Huyu ni wa kuwaka. Wewe unammwagia mafuta ya taa, halafu unashangaa kuni zinakwisha! Nguvu ya nafaka yote anaichezea barabarani. Mpe majani makavu, yasikosekane mbele yake kutwa. Majani ya lusini kidogo. Mashudu na pumba za mpunga, ziloweke, mlo mdogomdogo mara tano kwa siku. Na mafuta ya kupikia: anza na kijiko, panda taratibu mpaka kikombe. Hayo yananenepesha bila kumpandisha jazba. Nafaka na molasi, marufuku."

"Atanenepa kwa miezi miwili?"

"Una haraka ya nini?"

Kanali alishusha sauti. "Daktari wa mifugo wa mji atarudi baada ya miezi miwili. Akizikuta mbavu, ananinyang'anya kibali. Bila kibali nitamuuza huyu. Na farasi mkali, mkondefu, mnunuzi wake ni mmoja tu, yule wa ngozi."

Mizani hakucheka tena. Alikata kipande cha uzi wa magunia, akakizungusha kifuani mwa Kiberiti, akapiga fundo pale ncha zilipokutana. "Kila Jumapili pima. Fundo likisogea, nipigie. Lisiposogea, nipigie pia."

Kanali hakungoja Jumapili. Alipiga jioni ileile.

"Haloo. Umekula?" Mizani aliuliza.

"Nimekula, asante. Wewe je?"

"Nilikuwa namuuliza farasi."

Wakazoea. Asubuhi simu, mchana simu. Kanali alianza kumwita "dada", ikaja "bibie", na wiki ya pili ulimi ukateleza ukasema "kipenzi", na upande wa pili hakuna aliyelalamika. Jumapili walitembea bustanini, Mizani na gauni la kijani na kofia ileile iliyoliwa, akikataa katakata kununuliwa mpya.

"Hii ina historia," alisema.

Tatizo likawa moja. Fundo lilisogea kidogo, lakini akili ya Kiberiti haikurudi. Wiki ya tano, mbele ya ukumbi uliopambwa kwa maua meupe, puto lilipasuka. Kiberiti aliondoka na bibi harusi, wasimamizi wawili na keki, akaupita ukumbi, akaenda kusimama kwenye ukumbi mwingine kabisa, ambako bwana harusi mwingine alitoka mlangoni, akaangalia, akasema kwa masikitiko, "Huyu si wangu." Bwana harusi halisi alifika dakika kumi baadaye, viatu mkononi. Hakuna aliyeumia, ila keki.

Kanali alifika dukani koti likiwa na malai ya keki mpaka begani.

"Dawa yako hii! Nimekufuata neno kwa neno!"

Mizani alitoka nje, akamkuta Kiberiti ameshaweka mzigo wake katikati ya njia. Akachukua kijiti, akachokoa. Humo ndani, njano kama meno ya mzee, punje nzima za mahindi.

"Neno kwa neno?"

"Sijampa mahindi! Labda magunia yako yana mchanganyiko."

Soko zima liligeuka. Unaweza kumtukana Mizani kofia, hata mwanya. Mchanganyiko, hapana.

"Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeniambia hivyo," alisema polepole. "Chukua farasi wako, bwana. Na namba yangu uifute."

Alisema *bwana*. Si Kanali, si kipenzi. Siku tatu simu ya Kanali ilikaa kimya kama sufuria.

Siku ya nne mteja aliahirisha safari, Kanali akarudi nyumbani adhuhuri, saa ambayo hakuwahi kuwapo. Akasikia sauti bandani.

"Kula, baba. Kula mjukuu wangu. Wanakutesa kwa majani kama mbuzi."

Alikuwa mama yake, ameshika bakuli la mahindi yaliyochemshwa, molasi inachuruzika mpaka kiwiko.

"Mama!"

"Usinipigie kelele! Aone nani mbavu nje nyumbani kwangu? Mke gani atakuja kwenye nyumba ambayo hata farasi hashibi?"

"Mama, mke mwenyewe ndiye aliyekataza mahindi!"

Mama alikaa juu ya ndoo. Akaangalia bakuli. Akaangalia mwanawe. "Sasa si ungesema kwamba ni *huyo*?"

Kesho yake Mizani aliona mama mmoja mnene akija na bakuli tupu mbele, na nyuma yake koti jekundu limejificha kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mwanangu, ni mimi," mama alisema, akiweka bakuli juu ya mizani. "Yeye hajui kitu. Kuanzia udogo hajui kitu."

"Mizani," Kanali alisema, "nilitupa lawama kabla ya kuangalia kwangu. Nisamehe."

"Umenitukana mbele ya soko zima."

Kanali aligeuka, akapanda juu ya gunia, vifungo vikimetameta. "Jamani! Magunia ya huyu dada ni safi! Mahindi yalitoka kwa mama yangu!"

"Haikuwa lazima unitaje," mama alinong'ona.

Mizani alijikaza, lakini mwanya ulimsaliti. Akamgeukia mama. "Mama, unapenda kulisha?"

"Ndiyo raha yangu pekee."

"Basi mlo wa mara tano unahitaji mtu anayeshinda nyumbani. Bakuli ni lako. Ila ndani yake ni hivi na hivi tu."

Mama alilisha. Kwa wiki zilizobaki alilisha kwa saa, kikombe cha mafuta akikipima kama dawa ya mtoto, na majirani wakipita na mahindi aliwafukuza kwa fagio. Uzi ulihama fundo hadi fundo.

Daktari alipokuja bandani, Mizani na mama wakitazama, alipitisha vidole ubavuni, ikabidi abonyeze ndipo azipate mbavu. Mtu akafungua mwavuli ghafla. Kiberiti alipiga mwayo.

"Kibali kinaendelea," daktari alisema.

Kanali alipiga goti palepale kwenye majani makavu, akatoa pete.

"Mizani, kipenzi, nimechoka kuwapeleka wenzangu. Safari hii niache nikae nyuma."

"Nani ataendesha?"

"Mama."

"Basi nakubali kabla hajabadili mawazo."

Akamvisha. Pete ikazunguka kidoleni, ikateleza mpaka kwenye ukucha. Ilikuwa pana mno. Kanali akaanza kujitetea: alikisia, sonara kafunga, ataibadilisha kesho.

"Usiibadilishe!" mama alisema, akikunja mikono ya gauni. "Niachieni mimi miezi miwili."