Mchezaji wa Pili

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi wa fundi mmoja, miezi mitatu baada ya kumzika kaka yake, naye si mtu wa kutia chumvi.

Kaka yake alipooza miguu, akawa mtu wa kitandani. Mwanawe wa pekee, ndiye fundi huyo wa kompyuta, alifanya kazi chumba cha pili. Mzee alipenda gemu ya mpira, hasa akicheza na mwanawe. Mwana hakuwa na nafasi. Akapakua programu huria inayorusha gemu kutoka kompyuta yake hadi kwenye kishikwambi cha baba. Kifaa kikitaka kuunganishwa huonyesha tarakimu nne. Fundi huziandika kwenye kompyuta, ndipo kiingie.

"Cheza na mashine, baba. Nikimaliza nitakuja."

"Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee akamtania.

Adhuhuri moja kompyuta iliomba ruhusa upya, na sauti ya baba ikamsomea tarakimu nne kutoka chumbani. Fundi akaziandika bila kujiuliza kwa nini kifaa kilichokwisha kuunganishwa kiombe tena.

Tangu hapo mzee alicheka kila alasiri. Fundi akashusha pumzi: kero imekwisha. Siku ya saba akampelekea chai. Chumba kilinuka udongo mbichi, na mto wa kiti kando ya kitanda ulikuwa umebonyea.

"Umerudi? Si umetoka sasa hivi?" mzee akasema. "Leo umenifunga matano. Ila mikono yako baridi mno, mwanangu."

"Baba, sijacheza nawe hata mara moja."

Mzee akakitazama kiti. "Basi sema polepole," akanong'ona. "Amekaa."

Fundi akakimbilia kompyuta, akaona kwenye orodha kifaa cha baba na kingine kisicho na jina, akakifuta, kikarudi, akang'oa waya wa mtandao, akazima umeme wa nyumba nzima, na bado alimsikia baba akicheka, kisha akimbembeleza mtu asiondoke, kisha kimya.

Mganga aliyeitwa alimkuta mzee ameshakata roho, hakufungua hata mkoba. "Jini huyu hakuvunja mlango," alisema. "Ulimfungulia, akakuta kiti kitupu."

Mzee alizikwa kesho yake. Shangazi yuko hai. Fundi naye yu hai, ila kazi ameacha. Kila alasiri sauti ya baba humsomea tarakimu nne kutoka kitanda kitupu, naye huziandika, kisha huenda kukaa kwenye kile kiti.