Msonobari Ulioletwa na Posta

Udongo ulikuwa na joto. Hilo ndilo lililomshtua Chizuru alipofungua boksi. Mzigo umesafiri siku tatu kutoka Takamatsu, umepita kwenye theluji mpaka huku Hirosaki, kaskazini mwa Japani, na bado udongo wa kile kijungu cha mti ulikuwa vuguvugu kama ubavu wa mtu aliyelala.

Msonobari wenyewe haukuzidi shibiri. Aliuona kwenye katalogi akauagiza, uwe zawadi ya mumewe Mitsugi kwa kutimiza miaka sabini, kwa kuwa ujanani alijifunza kazi ya bonsai, ile ya kukuza miti mifupi vyunguni, kule kusini.

Mitsugi hakuugusa. "Umeutoa wapi?"

"Hata asante hakuna? Kwenye bustani ya marehemu mzee Tokuhei. Siku hizi bintiye ndiye anayeuza."

"Urudishe."

"Zawadi inarudishwa? Mzee wangu, umeanza kuzeeka vibaya!"

Alicheka peke yake.

Kesho yake, wakinywa supu ya asubuhi, aliona kidole kidogo cha mumewe kimepinda. Alama nyekundu ilikizunguka kutoka kwenye kucha hadi shinani, mzingo juu ya mzingo, vile waya wa shaba unavyozungushwa tawi linapofundishwa kuinama. Mitsugi akaficha mkono kwenye kimono.

Nyumba ikaanza kunuka utomvu. Adhuhuri moja, jua likiwaka juu ya theluji, Chizuru alisikia mkasi chumbani mlimokaa mti: kacha, kacha, bila haraka. Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Chini ya mti, juu ya mkeka, palikuwa na vipande vya kucha, na aliporudi sebuleni akamkuta mumewe amekumbatia vidole vyake, vinavuja damu.

Wiki haikuisha, zile alama zikawa zimepanda kutoka kiganjani hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi bega, zikashuka mgongoni zikimkunja kidogo kidogo, naye kila siku anafupika, mikono ya kimono inazidi kumpwaya, hata Chizuru, aliyeishi na mtu huyu miaka arobaini, akawa anaogopa kugeuka na kumwona.

Akamwita Bibi Tami, kipofu anayesema na wafu. Bibi alikaa mbele ya mti, akasugua tasbihi yake nyeusi. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume ambaye mdomo wake umekwenda upande.

"Mitsugi, mwanafunzi wangu. Nilikuomba maji."

Mitsugi akaanza kulia.

"Nilianguka katikati ya vyungu, kiangazi, mwili umekufa upande mmoja. Ulikuwa na ndoo mkononi. Ukaniruka. Ukaumwagilia msonobari wangu wa miaka mia mbili, ukaubeba, ukaenda zako. Siku mbili nimelala juani. Siku mbili, Mitsugi!"

"Ni kweli?" Chizuru alinong'ona.

Mumewe akainamisha kichwa.

"Unataka nini, mzee?" Chizuru akauuliza ule mti.

"Amwambie Nahoko, binti yangu. Kwa mdomo wake. Nitamwacha."

Namba ilikuwa kwenye katalogi. Chizuru akapiga, akamwekea mumewe simu sikioni.

"Haloo?" ilisema sauti ya mwanamke. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Mitsugi alifunga mdomo. Jasho lilimtiririka. Chizuru akamshika bega: "Sema! Sema, nakuomba!" Akatikisa kichwa. Aibu aliiogopa kuliko kifo.

"Basi," ikasema ile sauti, na Bibi Tami akarudiwa na sauti yake.

"Mtoe, Bibi!" Chizuru alimsihi.

"Mwanangu, mimi natoa mzimu usio na haki. Huyu yuko kwenye haki yake."

Simu ilikuwa bado hewani. Chizuru aliichukua, akamweleza Nahoko yote, neno kwa neno. Upande wa pili kikasikika kilio.

"Asante, mama," Nahoko alisema mwishowe. "Lakini si wewe uliyemruka baba yangu."

Theluji ilipoyeyuka, Mitsugi alikuwa na kimo cha mtoto, amekaa dirishani, shingo imepindia jua. Asubuhi moja alimvuta Chizuru kimono. Macho yake yalisihi.

"Nimpigie Nahoko?" mkewe aliuliza. "Uko tayari kusema?"

Akaitikia kwa kichwa, upesi upesi. Chizuru alikimbilia simu, akarudi nayo mbio, akapiga magoti mbele yake.

"Haloo?" alisema Nahoko.

Mitsugi akafumbua mdomo. Badala ya ulimi yalichomoza majani membamba kama sindano, mabichi, ya kijani.