Kobe Aliyepakwa Vanishi

Fundi seremala hakupenda kuona ubao ukikaa bila vanishi. Meza, vitanda, hata mpini wa jembe, vyote kwake viling'aa. Basi mkewe alipofariki akaacha kobe wake mdogo, fundi alimtunza kwa namna aliyoijua yeye. Alimtoa uani kwenye udongo, akamtengenezea sanduku zuri la sebuleni, lenye sakafu laini na kifuniko. Halafu, jamani, na kobe mwenyewe akampaka vanishi, mgongo mzima.

Kobe aling'aa kweli kweli, lakini akaacha kula. Macho yakavimba. Akajifungia ndani ya gamba lake, hatoki. Fundi akamsogezea mkate, akamsogezea wali, wapi! Usingizi ukamruka mzee wa watu. Kiumbe alichoachiwa na mkewe kilikuwa kinamponyoka.

Binti yake akaenda kumwita jirani yao, mama mmoja daktari wa wanyama. Daktari alimnyanyua kobe taratibu, akalinusa gamba. Kicheko kilimjia, lakini alipoutazama uso wa fundi alijizuia.

"Mzee wangu, gamba si ubao," alisema. "Ni mwili wake. Ukiligusa, anahisi. Linataka jua, na vanishi ina sumu."

"Kwa hiyo nimemuua?"

"Bado. Nitaondoka naye nikamsafishe na kumtibu. Wewe mtengenezee pa kuishi."

Akamweleza vizuri. Kobe wa aina hii anataka udongo wenye unyevu wa kujichimbia, jua la asubuhi, kivuli, na sahani ya maji ya kina kifupi. Anakula minyoo ya ardhini, konokono, majani mabichi na matunda kidogo. Mkate na wali havimfai. Na kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni.

Fundi akashika msumeno. Alijenga uzio uani, usio na sakafu, mbao akazizamisha ardhini ili kobe asichimbe akatoroka. Upande mmoja akauezeka. Safari hii hakupaka chochote.

Kobe alirudi, akapata nafuu polepole. Asubuhi moja alichomoza kwenye udongo, mchafu hasa, akadaka mnyoo akaumeza. Fundi alimwita binti yake aje aone.

"Mama yako alikuwa anamwacha achafuke hivi hivi," alisema, machozi yakimtoka. "Nami kila siku nikimgombeza kwamba hamjali. Kumbe ndiyo kumjali kwenyewe."

Kisha akaketi chini, palepale kwenye udongo, na suruali yake safi.