Kiti cha Dirishani

Nje ya ofisi ya pasipoti palikuwa na vibanda vinane vya wapiga picha, na kila mwenye kibanda aliita wateja kana kwamba wenzake ni viziwi. Katikati ya zogo hilo alipita fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini hivi, gauni la kijani alilojishonea limemkaa sawasawa, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alikuwa anatafuta mtu wa kupiga picha ya familia. Wa kwanza alimwonyesha familia iliyobandikwa mbele ya maporomoko ya maji. Wa pili alijisifu kwamba kwa kompyuta yake bibi wa miaka themanini hugeuka kigoli.

"Mama yangu nataka abaki mama yangu," Fundi alimjibu, akaondoka.

Kwenye kibanda cha tatu hakuulizwa shida yake. Kijana mrefu, shati jeupe mikono imekunjwa, alimwonyesha kigoda na kuinua kamera.

"Kaa, dada. Tazama hapa. Usicheke, pasipoti hairuhusu."

"Nani kakwambia nataka pasipoti?"

"Sasa na hiyo tepu umekuja kunipima suti?"

Fundi akaangua kicheko, na kamera ikalia.

"Umeiharibu," kijana alisema. Lakini aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

Alipoelezwa shida yenyewe, hakutaja maporomoko wala kompyuta. Aliuliza, "Mama anapenda kukaa wapi?"

"Kiti cha dirishani."

"Basi nitakuja kwanza nikione. Familia siipigi kabla sijaijua."

Fundi akajua amempata. Na kweli alikuwa amempata, ndiyo maana mambo yalimwia vibaya.

Ini la Mama lilikuwa limeoza. Daktari alimwambia Fundi pembeni, kwenye ukumbi wa hospitali, kwamba wasitazamie mbali. Na sura ya Mama haikuwepo popote isipokuwa kwenye kitambulisho, imefifia hadi pua haionekani. Kila simu ikiinuliwa alifunika uso: "Ngojeni nivae nipendeze!" Kwa hiyo Fundi alinunua kitambaa cha buluu, akashona nguo tatu za sare: ya Mama, yake, na ya kaka yake dereva wa lori, ambaye alishinda nyumbani Jumapili tu. Kaka akapigilia msumari ukutani mapema, picha iukute.

Jumapili ya kwanza Mpiga Picha alifika. Alisogeza kiti, akakipiga picha kikiwa kitupu ili apime mwanga, akanywa chai, akamchekesha Mama. Fundi alipotoka jikoni na vikombe zaidi, kijana alikuwa anafunga begi lake.

"Leo mwanga haujakaa sawa," alisema bila kumtazama.

Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Kaka alinung'unika. "Tafuta mwingine."

Lakini katikati ya wiki simu ililia juu ya cherehani.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Unapiga kuuliza chakula au mwanga?"

"Mwanga wangu si ndio naongea nao?"

"Acha utamu wako, utaniletea sisimizi kwenye cherehani."

"Waje. Nitakuja kuwatoa mmoja mmoja."

"Jumapili unapiga?"

"Mwanga ukikubali, mpenzi."

Fundi hakutafuta mwingine. Kila Jumapili alipaka manukato asubuhi, akavaa hereni, akasikilizia hatua mlangoni. Kila Jumamosi alipunguza kiuno cha gauni la Mama. Alilipunguza mara moja, mara tatu, mara tano.

"Utaipunguza hadi nguo iishe," Mama alimtania, akiwa amesimama kwa kushikilia meza. "Utabaki na mishono mitupu."

Jumapili ya sita ikapita. Alhamisi iliyofuata Mama alipelekwa hospitali, na Jumamosi asubuhi alikuwa hayupo duniani.

Mpiga Picha alipopiga simu, Fundi aliuliza neno moja tu: "Mwanga umekubali?"

"Fundi, niruhusu nije nikueleze."

"Usije."

Alikuja baada ya mwezi, kwenye duka la ushonaji, amekonda, shati halijapigwa pasi. Alipanga picha sita juu ya meza ya kukatia. Zote zilikuwa za kiti kitupu, na kwenye zote jua limekilalia vizuri.

"Mwanga ulikuwa mzuri siku zote," Fundi alisema.

"Siku zote. Siku ya kwanza nilimwonyesha Mama ile picha yako ya kibandani. Akaishika, akaniambia, 'Mwanangu, huyu hajacheka hivi tangu baba yake afariki. Ukishapiga yetu utakuwa huna sababu ya kurudi. Nisogezee siku.' Nikamwambia, mama, ugonjwa haungoji. Akasema ugonjwa wake anaujua yeye. Akaniapisha nisikwambie."

"Hukuweza hata kuiba picha moja?"

"Alinishika mkono, Fundi. Na mimi... nilitaka siku zisogee."

Fundi alikaa kwenye kigoda. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mimi nilikuwa natafuta mpiga picha," alisema. "Mama alikuwa anatafuta mkwe."

"Basi nikubalie. Tuoane. Yeye alishatubariki."

"Alibariki, ndiyo. Wewe nimekusamehe. Lakini dirisha lile lina jua tangu asubuhi. Mimi nimekulia pale. Mwanga gani unakataa Jumapili sita? Nilijua kuna jambo, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka urudi. Gauni lilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nampima Mama akiisha, nikanyamaza." Alizikusanya picha za kiti, akamrudishia. "Nikikaa na wewe nyumba moja, kila nikikuona nitauona ule msumari. Nenda, mpenzi. Tafadhali nenda."

Akaenda.

Mwaka haukuisha, Fundi akapata kazi katika kiwanda cha nguo ng'ambo. Alirudi kwenye ofisi ya pasipoti akiwa na gauni lile lile la kijani, sasa limempwaya. Wenye vibanda saba walikuwa wanaita kwa sauti. Hakuwageukia, akasimama mbele ya kibanda cha tatu, ambacho mwenyewe hakuita.

"Safari ya mbali?" Mpiga Picha aliuliza.

"Mbali."

Alimsogezea kigoda. Fundi akakaa, akanyoosha mgongo, akaitazama kamera. Kijana alifungua kinywa kumwambia asicheke, akakifunga.

Alipiga mara moja tu, na picha ikakubalika.